Safari ya Saba kwa Miguu

Siku ya Ayeeyo Sirad kupimwa moyo niliamka kabla ya adhana bila mtu kuniita, na hiyo peke yake ni ajabu, uliza yeyote hapa Bulla Iftin. Nikaosha pikipiki. Nikavaa shati ya Idd. Ungeniona ungesema naenda kuoa.

Sababu ni hii. Abti Daud, mjomba wangu wa Nairobi, alikuwa amelipia watu wawili Hija. Wa kwanza ni mama yake, ndiye huyu Ayeeyo Sirad, bibi yangu mzaa mama. Wa pili ni mtu wa kumsaidia huko. Wakanichagua mimi. Binamu zangu wako shule au wameajiriwa, na mimi niliacha shule darasa la saba, kazi yangu boda, nikipotea mwezi mzima hakuna ofisi italia. Sikuona vibaya hata kidogo. Mbali kabisa nimewahi kufika ni Mwingi, na huko nilienda kuchukua tairi. Sasa ni Makka, tena na ndege, na pasipoti iko na sura yangu ndani. Wiki mbili usingizi ulinikataa.

Karatasi moja tu ndio ilibaki. Maalim Kerrow, ambaye anapeleka mahujaji wa huku kwetu, alisema wazee wote walete fomu ya hospitali, ndani iwe na kipimo cha moyo, chini iwe na muhuri wa daktari. Mwisho ni Alhamisi saa nane mchana, kwa sababu saa hiyo majina yanatumwa Nairobi. Asiyeleta anatolewa, anaingia mwingine, na wanaongoja ni wengi. Jina la Ayeeyo likitoka, langu linatoka nalo. Na hospitali ilitupa kipimo siku gani? Alhamisi hiyo hiyo.

Ayeeyo hapandi tuktuk. Anasema ni sanduku. Yeye alikulia Eldas juu ya ngamia, na pikipiki angalau unakaa juu unaona watu. Akakaa upande, mkono mmoja kwa bega langu, mwingine umeshika bakora kama mkuki, tukaenda. Habaryar Maka, mdogo wa mama yangu, akafuata na tuktuk akibeba chupa ya chai. Pale sokoni wanawake wa maziwa wote walituinulia mikono, maana Ayeeyo alikuwa ameambia kila mtu anaenda Hija, hata wale hawajamuuliza. Alisalimia pande zote kama mbunge. Katikati ya salamu alikuwa anasoma talbiya, wito wa mahujaji, sikioni mwangu, Labbaika, Labbaika, na mimi nikawa naongeza mafuta bila kujua.

Kwa chumba cha kipimo tulimkuta muuguzi Gatwiri, dada wa Meru, ana miaka mitatu hapa Garissa. Kisomali chake ni lala, pumua, usiogope, basi. Akasema mama atatoa nguo za juu, kijana atoke. Mimi nikasema sawa. Ayeeyo akauliza kwa Kisomali, na huyu msichana nitaongea naye vipi? Habaryar Maka Kiswahili chake ni cha kuuza maziwa: lita, leo, kesho, usiguse. Basi tukafanya vile watu hufanya hapa siku zote. Nikasimama nyuma ya pazia, uso kwa ukuta, mdomo ukifanya kazi. Nusu ya mji huu imetibiwa na mjukuu aliyeangalia ukuta.

Nikasikia Gatwiri anabandika vile vibandiko vya nyaya. Kimoja kikaanguka. Akabandika tena, vikaanguka viwili. Akaniuliza mimi, kama ni mimi nimelala pale, huyu mama amepakwa nini. Nikauliza. Habaryar Maka akajibu kwa fahari kabisa kwamba ni samli ya mbuzi, imetoka Buna juzi, amemsugua nayo kuanzia shingo mpaka kiuno alfajiri ili moyo uende kupimwa ukiwa laini. Tena akamfukiza uunsi, udi wetu wa Kisomali. Kwa kweli nilikuwa nimesikia harufu njiani nikafikiri ni mimi.

Gatwiri hakukasirika, alicheka mpaka akakaa. Akasema katika miaka mitatu ameona wanaokuja na hirizi, wanaokuja na miraa bado shavuni, lakini moyo uliokaangwa huu ndio wa kwanza. Sikutafsiri hiyo. Pamba yao ilikuwa imeisha, akamtuma Habaryar Maka akanunue duka la dawa nje ya geti, na yeye akaanza kumfuta Ayeeyo na karatasi ya mkono na spiriti.

Vibandiko vikashika. Sasa mashine ikachora mstari unatetemeka kama barabara ya Wajir. Kumbe ile mashine ya baridi ya ukutani ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho, na Ayeeyo hajawahi kuhisi baridi hiyo tangu azaliwe, mwili wote unatikisika. Aliuliza kwa nini wamemweka ndani ya friji na bado yuko hai. Gatwiri akaizima. Tukangoja. Mara ya tatu mashine ikasema krrrr, karatasi ikatoka, na Gatwiri akasema mstari ni mzuri, umetulia, mzuri kuliko wa wasichana wa hapa.

Niliruka pale nyuma ya pazia. Nikapiga ukuta ngumi. Kwangu kazi ilikuwa imeisha, nilikuwa nishaanza kufikiria kiti cha dirishani.

Gatwiri akasema bado maswali machache ya fomu. Ana sukari? Hana. Presha? Anameza vidonge vya presha. Ameshawahi kuzirai? La. Anaposhughulika, kifua kimewahi kumuuma au kumbana?

Nikamuuliza. Ayeeyo akasema:

"Mwambie ndiyo. Ramadhani hii mara tatu. Nikipanda ile ngazi ya tangi la maji nyumbani kitu kinanishika hapa kama mkono, kinapanda mpaka kwa taya. Nakaa chini, kinaniacha. Mwambie vizuri, usikate."

Mimi sikuwa najua hayo. Hakuna mtu nyumbani alijua. Mbele yangu kulikuwa na ukuta wa rangi ya kijani, umebanduka pale chini, na niliuangalia sana. Sitadanganya mtu hapa, sikufikiria moyo wake. Nilifikiria saa nane, nikafikiria ndege.

"Anasema hapana," nikasema.

"Maneno yote hayo ni hapana?"

"Wazee wetu wanaongea sana, sista."

Nikasikia kalamu ikiweka alama. Rahisi hivyo.

Tukakaa nje kwa benchi kungoja Daktari Mwenda atoke wodini agonge muhuri. Saa nne na nusu. Habaryar Maka alirudi na pamba ambayo haina kazi tena, akatumiminia chai. Mimi miguu haikutulia. Nilienda mpaka getini nikarudi, nikaenda tena nikarudi. Niliporudi mara ya pili Ayeeyo akanivuta shati nikae.

Akaniuliza yule msichana alisema nini kuhusu ule mkono wa kifuani.

Nikamuuliza kusema nini vipi.

Akaniangalia kama mtoto mjinga. Akasema hakumwambia msichana habari za kifua chake ili apate huruma. Alimwambia kwa sababu ya Safa na Marwa, vile vilima viwili vya Makka. Pale unaenda na kurudi mara saba, na yeye amehesabu, ni mbali kuliko ngazi ya tangi. Alitaka aambiwe akishikwa katikati afanye nini. Mwezi mzima amengoja apate mtu aliyesoma amuulize, na leo amemuuliza. Kwa hiyo msichana alijibu nini?

Nilikuwa na dakika moja ya kusema ukweli. Nikasema, "Amesema unywe maji."

Na yeye akaamini. Hilo ndilo lilinimaliza. Akamgeukia Habaryar Maka, akamweleza kwamba dawa ya ule mkono ni maji, daktari amesema. Akaniagiza nimtafutie kichupa kidogo chenye kamba, cha kuning'iniza shingoni, maana pale Safa na Marwa hatataka kuhangaika kutafuta bomba. Akaonyesha na vidole urefu wa kamba. Ifike hapa, akasema, nisiiname.

Kichwani mwangu nikamwona amelala chini kati ya watu milioni, kichupa mdomoni, anangoja maji yafanye kazi.

Nilisimama. Kurudi kwenye kile chumba ni hatua ishirini na zilikuwa nzito kuliko kusukuma pikipiki iliyozima. Gatwiri alikuwa na mgonjwa mwingine, nikaongea nikiwa mlangoni. Nikamwambia ile hapana ilikuwa ndiyo. Nikamwambia yote, mkono, taya, ngazi, mara tatu.

Gatwiri hakucheka sasa. Akatoka nje, akafunga mlango.

"Wewe unajua umefanya nini? Mimi nimeandika uongo wako kwa mkono wangu."

"Najua."

"Hujui. Angekufa, na karatasi ingesema mimi ndiye nilimwambia aende."

Akanishika shati ya Idd pale kifuani, akanipeleka hivyo hivyo mpaka wodini kwa Daktari Mwenda mbele ya watu, na mimi nilimwacha anipeleke. Daktari Mwenda ni mrefu, mpole, mtu wa huko bara pia. Alisikiliza, akaangalia karatasi ya mashine, akasema mstari wa mtu aliyelala hausemi kila kitu. Lazima amwone akitembea.

Sasa sikia vile kipimo chenyewe kiko. Wanaweka viti viwili vya plastiki, kimoja huku mwanzo wa korido, kingine kule mwisho. Mgonjwa anatembea kutoka kiti hiki mpaka kile, anazunguka, anarudi, dakika sita, kwa mwendo wake. Hapana kukimbia. Kifua kikibana anasimama papo hapo. Nilipomtafsiria Ayeeyo, nilitafsiri kila neno, mpaka neno plastiki. Akaangalia kiti cha kwanza, akaangalia kiti cha pili. Uso wake ukafunguka.

"Yonis," akasema, "hii ni Safa. Ile ni Marwa. Hawa watu wanajua."

Akampa Habaryar Maka bakora. Gatwiri akatafuta kidole cha kuweka kifaa cha kupima hewa ya damu, lakini vidole vyote vina hina nyeusi mpaka kwa kucha, kifaa hakisomi, akakibana kwenye sikio ndani ya ushungi. Daktari akabonyeza saa.

Wallahi nimeona mechi za mpira pale uwanjani watu wakipanda miti, sijawahi kuona kama ile korido. Raundi ya kwanza watu wa benchi waliangalia tu. Ya pili, wakasikia anasoma dua kwa sauti, wakaelewa. Mzee mmoja mwenye plasta mguuni, ambaye alihiji zamani, akaanza kuitikia. Ya tatu, wanawake wa foleni ya watoto wamesimama wote. Mlinzi aliacha geti. Kila Ayeeyo akigusa kile kiti cha mwisho wanahesabu pamoja, nne, tano, na yeye anatembea mgongo umenyooka, nguo yake ya guntiino inapepea, anakata korido kama msichana anayefuata mbuzi. Mimi natembea nyuma yake mikono imefunguka kama golikipa, jasho linanitoka, na ndani yangu kuna kitu kinapiga kelele twende, twende, hakuna mgonjwa hapa.

Dakika ya nne na nusu akasimama.

Aliweka mkono kifuani, na ule mwingine ukaenda kwa taya, kama vile alivyosema. Watu wakaacha kuhesabu. Nilikuwa nimeshamshika. Wakamweka kitandani, Gatwiri akampulizia dawa chini ya ulimi, wakabandika nyaya haraka, na safari hii hakuna aliyenitoa nje, niligeuza uso mwenyewe. Mashine ikachora. Daktari akaniita nione zile karatasi mbili pamoja, ya asubuhi na ya sasa. Ya sasa, baada ya kila kilima mstari ulikuwa umezama chini kidogo, kama barabara baada ya mvua. Akasema mishipa ya moyo ni myembamba. Akipumzika damu inatosha, akijituma haitoshi. Hapo nikajua hili si jambo la kunywa maji.

Baada ya dakika chache mkono ule ukamwacha. Wakatoa damu wakapima, majibu yakaja moyo haujaumia. Saa saba na robo.

Daktari Mwenda akavuta kiti, akamwangalia Ayeeyo, siyo mimi. Nikasimama katikati, nikatafsiri. Akasema kuna dawa za kumeza kila siku, aanze leo, na baada ya siku kumi arudi atembee tena. Akiendelea vizuri anaweza kusafiri. Lakini huko kote ataenda kwa kiti cha magurudumu, anasukumwa. Asipokubali kiti, hagongi muhuri.

Ayeeyo akasema hataki kiti. Alisema amengoja miaka sitini, hakungoja asukumwe kama gunia la sukari.

Daktari akasema, "Mwambie akitembea mwenyewe anaweza kufia huko."

Nikamwambia. Ayeeyo akatabasamu, tabasamu ya kweli.

"Muulize, kuna mahali pazuri kuliko hapo?"

Habaryar Maka akaanza kulia chinichini. Saa ya ukutani ilikuwa saba na dakika ishirini na tano. Na hapo nilijua kitu kimoja, kwamba nikisema "amekubali" nitapewa muhuri sasa hivi. Neno moja tu. Nililisikia liko tayari mdomoni.

"Anasema hakuna mahali pazuri pa kufia kuliko huko," nikamwambia daktari. "Na kiti amekataa."

Daktari akaweka muhuri chini.

Nikapiga magoti mbele ya kitanda. Sikupanga maneno, mimi si mtu wa maneno. Nikamwambia, Ayeeyo, wewe ukifa pale umefaulu, nimeelewa. Mimi je? Mimi narudi na begi lako. Nitapanda ndege peke yangu, nitashuka peke yangu, Habaryar Maka atakuwa getini. Nitamwambia nini? Halafu nikamwambia habari ya maji, kwamba hakuna aliyesema maji, ni mimi nilitunga, na ile hapana ya nyuma ya pazia pia ni mimi, kwa sababu nilitaka ndege. Nikamwambia kukusukuma hiyo ni miguu yangu, kaa wewe mimi nitembee, nitatembea yangu na yako.

Mimi niliangalia miguu yake, hina mpaka kwa kisigino, na nikangoja bakora.

"Wewe ni mwongo," akasema. "Lakini una nguvu."

Halafu akamwangalia daktari moja kwa moja, akainua vidole sita, akanionyesha mimi na kufanya ishara ya kusukuma. Kisha akainua kidole kimoja, akajigonga goti. Hata bila mkalimani daktari alielewa, lakini nilitafsiri. Sita kwa kiti. Ya saba kwa miguu yake.

Daktari Mwenda akauliza safari moja ni muda gani. Mimi sijui, sijafika. Yule mzee wa plasta akapaza sauti kutoka mlangoni, maana alikuwa amesogea kusikiliza, akasema ukienda polepole ni kama dakika kumi. Daktari akahesabu. Alishikwa dakika ya nne na nusu akiwa anaenda haraka, watu wakimshangilia, tena bila dawa. Akienda taratibu, akipumzika kwenye kiti kila dakika mbili, akiwa na dawa, hapo inawezekana. Akamwambia Gatwiri amwonyeshe kijana jinsi ya kupuliza chini ya ulimi. Na akaandika kwenye fomu, kwa mkono, herufi kubwa: kiti cha magurudumu safari sita, ya saba kwa miguu akipumzika, dawa iwe mfukoni mwa msaidizi, arudi baada ya siku kumi atembee tena, kabla ya hapo hajaruhusiwa kuondoka. Akagonga. Ule mlio wa muhuri mezani, wacha tu.

Saa saba na dakika arobaini na tatu. Nilitoka hospitali nikikimbia, fomu ndani ya shati. Pikipiki ilishika kwa kiki moja. Nilipita ng'ombe, nikapita tuktuk ya harusi, nikapita polisi nikimpungia mkono na yeye akanipungia bila kujua kwa nini. Nilikuwa nacheka peke yangu barabarani kama mtu aliyerukwa na akili.

Ofisi ya Maalim Kerrow ilikuwa imejaa. Nikapita katikati ya watu nikiomba msamaha, nikaweka fomu mezani, dakika saba zimebaki. Maalim akavaa miwani. Alisoma, akarudia pale palipoandikwa kwa mkono, akaniangalia juu ya miwani.

"Huyu mama amewahi kushikwa na kifua?"

Nyuma yangu kulikuwa na watu wanaongoja nafasi itoke. Niliwasikia wakisogea karibu.

"Mara tatu Ramadhani," nikasema, "na mara moja leo saa sita. Daktari amemwona akishikwa. Ndiyo maana ameandika hivyo."

"Na msaidizi ni nani?"

"Ni mimi."

Akaniangalia mikono, kama mtu anayenunua ngamia. Kisha akavuta daftari, akaandika Sirad, na jina la baba yake, na la babu yake, namba thelathini na moja. Chini yake akaanza kuandika Yonis, na kalamu ikakataa. Akaitikisa. Nikatoa yangu mfukoni kabla hajaomba.